Kaplingi Haikuandikwa

Boti ni ya Hawaje, na giaboksi ni yake.
Injini ni ya Mfaume, mdogo wake,
aliyeileta kwa lori kutoka Masasi
imeviringishwa turubai kama mgonjwa.
Ndivyo walivyogawana baada ya arobaini ya baba yao:
huyu kinachoelea, yule kinachovuma.
Kilicho katikati hakikuandikwa.

Mimi kazi yangu iko katikati.

Wiki ya tatu boti inavuka Kitunda ikitetemeka.
Ikiwa sailensa, inatafuna,
ka-ka-ka, kama mtu abanguaye korosho kwa nyundo
usiku, jirani wamelala.
Walimu wa asubuhi wanabana madaftari kifuani,
muuza ming'oko anashika sinia kwa mikono miwili,
na nahodha anaongeza moto ili asisikie.
Hiyo si dawa. Huko ni kuziba sikio.

Nilipofungua nikakuta unga mwekundu,
laini, kama hina iliyosahauliwa bakulini.
Chuma kikisugua chuma bila grisi
hakipigi kelele siku ya kwanza. Kinajisaga.
Mipira sita ya kaplingi: miwili imepasuka,
wa tatu niliuokota kwenye maji ya ngama
pamoja na kandambili ya mtoto.
Bolti moja haikuwepo; palikuwa na msumari.
Sikuuliza nani.

Mfaume akasema, hiyo imeshika shafti ya giaboksi, ni ya boti.
Hawaje akasema, hiyo imefungwa kwenye injini.
Waliniambia mimi wote,
wamesimama hatua tatu mbalimbali:
mwambie. Na wewe mwambie.
Mnada wa korosho ukipita, tutaona.
Minada miwili imepita.

Nikanunua mwenyewe, ya mtumba, Mtwara,
elfu themanini na tano, nauli mbali.
Meno nikayapaka grisi kwa kidole,
moja moja, hadi ndani,
kama unavyompaka mtoto mafuta nyuma ya masikio.

Sasa kupima.
Wapo mafundi wanaopima boti ikiwa juu ya magogo, mchangani,
wakalipwa, wakaondoka.
Mbao nchi kavu zina mkao wake.
Ukiishusha, tumbo linajikunjua,
na ulichonyoosha asubuhi
saa kumi kimepinda.
Ishushe kwanza. Ilale majini usiku mzima.
Ndipo uje na fila.

Alfajiri nikawaita wote wawili.
Hawaje, kaa kushoto, benchi la walimu.
Mfaume, kulia. Asisogee mtu:
mmoja akihama boti inalala upande
na kipimo kinasema uongo.
Uzito wao ulikuwa mmoja. Mama yao angecheka.

Nikalala kifudifudi, shavu kwenye ubao wenye dizeli.
Flenji mbili, uso kwa uso,
na kati yake ulimi wa chuma mwembamba kuliko ukucha.
Juu, kumi. Chini, kumi na tisa.
Nikalegeza mguu wa mbele wa injini,
nikachomeka kipande cha bati nilichokata kwenye kopo la maziwa.
Nikazungusha shafti kwa mkono, robo. Nikapima tena.
Mfaume akakohoa. Ulimi ukakwama.

"Mwambie asikohoe," akasema Hawaje.

"Mwambie mwenyewe,"
nikajibu kutoka chini, nati mdomoni.

Maji yakagonga ubao. Yakagonga tena.
Kule gatini mtu alikuwa anapampu tairi la baiskeli.

"Mfaume. Kaa sawa."

"Nimekaa."

Juu kumi. Chini kumi. Kushoto kumi.
Kulia kumi na moja.
Hiyo moja nimeiacha.
Boti ya miaka thelathini na nne
ukiinyoosha kupita umri wake
inakutafutia pengine pa kupindia.

Nikakaza bolti kwa msalaba, zote za chuma safari hii.
Deni langu nimeliandika kwa chaki
ndani ya kifuniko,
kile kizito, kisichonyanyuliwa na mtu mmoja.